Kila Karatasi na Dirisha Lake: Mwongozo Kamili wa Kupanga Karatasi za Nyumbani kwa Mzazi Asiye na Muda

Wazazi wengi ninaozungumza nao hapa Dar wameshajaribu kupanga karatasi za nyumbani zaidi ya mara moja. Jumamosi wanashinda sakafuni, wananunua mafaili, wanaandika lebo, Jumatatu nyumba inapendeza. Mwezi haujaisha, juu ya friji pamejaa tena. Siku shule inapodai kopi ya cheti cha kuzaliwa, godoro linainuliwa, kabati linamwagwa, na gari la shule liko nje linapiga honi.

Huo si uvivu, wala si udogo wa nyumba. Tunakosea mahali pawili. Kwanza, tunapanga kwa sura ya karatasi: risiti na risiti, barua na barua, vyeti na vyeti. Lakini hakuna siku utakayoambiwa "lete barua zako". Utaambiwa "lete vya mtoto". Pili, tunapanga zilizokwisha kuingia na hatuandai mahali pa kupokea zitakazoingia kesho, na zinaingia kila siku.

Mwongozo huu umejengwa juu ya swali moja: nani ataniuliza karatasi hii? Kila karatasi unayoitunza iwe na dirisha litakaloiulizia, iwe dirisha la shule, hospitali, benki, RITA wanakotoa vyeti vya kuzaliwa, au mlango wa mwenye nyumba. Isiyo na dirisha, na isiyo kumbukumbu ya moyo, haina sababu ya kukaa kwako.

Tenga jioni tatu, saa moja au saa moja na nusu kila jioni. Usijibane umalize siku moja. Anayelazimisha siku moja huchoka katikati, akarudisha rundo zima kwenye mfuko na kulisukuma uvunguni.

## Vifaa vya kuandaa kwanza

Karibu vyote vinapatikana steshenari yoyote ya mtaani. Kama unapita Kariakoo, nunua huko kwa pamoja.

- Ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Ya rangi iliyooshwa ikakauka kabisa inafaa. Faili la A4 husimama wima ndani yake vizuri.
- Mafaili ya plastiki ya A4 yenye kifungo, moja kwa kila mtu wa nyumbani na moja la nyumba yenyewe. Chukua rangi tofauti.
- Bahasha za kaki za A4, kama kumi.
- Kikapu kidogo au trei ya kuweka karibu na mlango.
- Maka peni, na klipu za plastiki.
- Kalenda ya ukutani.
- Simu yenye chaji na nafasi ya kutosha ya picha.

Stepla iache dukani. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, pini hushika kutu, na kutu hula karatasi na kuacha doa la kahawia juu ya maandishi. Pini zilizomo tayari kwenye vyeti vyako zitoe taratibu kwa ncha ya kisu.

## Jioni ya kwanza

### Hatua ya 1: Zikusanye zote bila kusoma hata moja

Zima feni. Tandika shuka sakafuni au safisha meza ya chakula. Kisha pita nyumba nzima na mfuko, ukianzia kule zinakojificha: juu ya friji, chini ya godoro, droo ya televisheni, kabati la vyombo, katikati ya Msahafu au Biblia, mifuko ya makoti, mikoba ya zamani, mabegi ya shule, sanduku la nguo za sherehe, dashibodi ya gari.

Jiwekee nusu saa tu, na usisome. Ukisoma moja utakumbuka deni, ukikumbuka deni utafungua simu, na jioni itaishia hapo. Kazi ya hatua hii ni kukusanya.

Umefaulu ukiwa na rundo moja kubwa, na ukimwuliza mtu wa nyumbani "kuna karatasi nyingine mahali?", akakosa pa kukuonyesha.

### Hatua ya 2: Toa za kutupa

Anza na zilizo wazi: vipeperushi vya maduka, bahasha tupu, matangazo ya mikutano iliyopita, kadi za michango ya harusi zilizokwisha, maelezo ya dawa ambazo hazimo tena ndani, vikaratasi vya tokeni za LUKU zilizokwisha kuingizwa kwenye mita. Mitihani ya majaribio ya kila wiki ya mtoto nayo iondoke. Bakiza wa mwisho wa kila somo ili uone anapokosea.

Kama wewe ni mpangaji, usifute ujumbe wa simu wa manunuzi ya LUKU unaoonyesha makato ya kodi ya jengo. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kupitia mita ya umeme, na kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kama mmekubaliana akurudishie au akupunguzie kwenye pango, ujumbe huo ndio ushahidi wako.

Tahadhari. Hapa Dar karatasi haifii jalalani. Inaokotwa, inauzwa, na inarudi mtaani imefunga karanga, vitumbua au chapati. Niliwahi kununua karanga zimefungwa kwenye fomu ya mkopo ya mtu, jina lake kamili, namba ya simu na sahihi vyote vinasomeka. Nilijisikia vibaya kama vile nimechungulia chumbani kwa jirani. Chochote chenye jina, namba ya simu, namba ya akaunti, sahihi au namba ya NIDA kichane vipande vidogo, kilowe kwenye ndoo ya maji usiku kucha, kisha kitupe kikiwa uji. Maji yanashinda mkasi, kwa sababu vipande vikavu mtu anaweza kuviunganisha.

Wengine huwashia jiko la mkaa. Karatasi za kawaida hazina neno, lakini risiti laini za mashine zisitumike. Zimepakwa kemikali, na moshi wake si wa kuupitisha kwenye chakula cha watoto.

Umefaulu rundo likipungua hata kufikia nusu. Funika zilizobaki, ulale.

## Jioni ya pili

### Hatua ya 3: Gawa kwa dirisha

Shika karatasi moja moja na ujiulize: nani ataniuliza hii, na atasema ni ya nani? Jibu litakupa moja ya marundo haya.

Za mtu. Karatasi inayofuata mwili wa mtu mmoja: vyeti, kadi za kliniki, majibu ya hospitali, ripoti za shule, kadi za bima ya afya.

Za nyumba. Mkataba wa pango au hati za kiwanja, leseni ya makazi, risiti za pango la ardhi, namba ya mita ya umeme na ya maji, risiti za friji, jiko na televisheni.

Za kutenda. Fomu inayosubiri sahihi, mchango unaosubiri pesa, barua inayosubiri jibu. Hizi zitakwenda mlangoni, hatua ya 8.

Za moyo. Mchoro wa kwanza, kadi aliyoandika mwenyewe ya "nakupenda mama". Bahasha moja ya kaki kwa kila mtoto, kwa mwaka mmoja. Ikijaa, mtoto mwenyewe achague kipi kitoke ili kipya kiingie. Wangu huchagua haraka kuliko mimi.

Ukiwa na biashara, hata genge la nyanya lenye TIN, karatasi zake zisichanganywe na za nyumbani kabisa. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5, na siku ofisa akizitaka, hutaki kuzichambua kutoka kwenye ripoti za darasa la tatu.

Ukikwama na karatasi kwa zaidi ya nusu dakika, itie kwenye bahasha uiandike "Sijui" na tarehe ya leo. Hilo linaruhusiwa. Katika kukwama ndipo wengi huishia kuacha kazi nzima.

### Hatua ya 4: Jenga faili la kila mtu

Hapa usifanye haraka, maana faili hili ndilo litakalokuokoa alfajiri ya siku mbaya. Andika jina la mtoto kwa herufi kubwa nje. Ndani, kwenye karatasi ya kwanza kabisa, andika kwa mkono: majina kamili kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, tarehe na mahali alipozaliwa, namba ya ingizo ya cheti, namba ya bima, namba ya faili la hospitali, namba ya PReM (ya usajili wa mwanafunzi) kama yuko shule ya msingi, kundi la damu kama limeshapimwa, na dawa au chakula kinachomdhuru. Ukurasa huo mmoja hujibu zaidi ya nusu ya maswali ya fomu yoyote.

Kisha panga kwa mfuatano huu, cha juu kikiwa kile kinachotoka mara nyingi.

*Kadi ya kliniki.* Usiifungie mbali kwa kudhani imekwisha kazi mtoto akitembea. Chanjo ya surua na rubela ina dozi ya pili miezi 18, na akina mama wengi huipoteza kadi kati ya miezi 9 na hapo. Isikunjwe zaidi ya mikunjo yake, kwani inapochanika kwenye mkunjo hukatika kwenye safu za tarehe.

*Karatasi za hospitali zenye jambo la kudumu.* Kipimo cha selimundu, mzio wa dawa, upasuaji, picha za eksirei na maelezo yake. Risiti ya dawa ya mafua ya mwaka jana haimo humu.

*Ripoti za shule na stakabadhi za ada.* Stakabadhi zikae mpaka mtoto ahame au amalize shule hiyo na karatasi zake ziwe mkononi mwako. Deni la ada lililokosewa huibuka siku ya kuomba uhamisho, wakati mhasibu wa miaka ile hayupo tena.

*Cheti cha kuzaliwa halisi,* ndani ya bahasha yake, pamoja na kopi nne au tano zilizokwisha kutolewa. Weka na kopi mbili zilizogongwa muhuri na wakili. Kopi zikiwepo, cheti halisi hakitoki nyumbani ovyo. Na kama ulichonacho ni tangazo la kizazi lililotoka hospitali, fahamu kwamba hicho si cheti cha kuzaliwa. Ni karatasi ya kukipatia cheti. Usajili ufanywe ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe, ukichelewa taratibu na gharama huweza kuongezeka.

Ndani ya faili la mtoto weka pia kopi za vyeti vya kuzaliwa vya wazazi. Ombi la pasipoti huuliza cha mwombaji na cha mzazi. Aliyefiwa na mzazi awe na kopi ya cheti cha kifo pia. Atakapoomba mkopo wa elimu ya juu, vyeti hivyo hudaiwa vikiwa vimehakikiwa na RITA, na foleni ya uhakiki huwa ndefu msimu wa maombi. Mwenye cheti mkononi huhakiki mapema.

Tahadhari kuhusu kulaminisha. Najua kila steshenari ina mashine na wengi wanaamini cheti kilicholaminishwa kimelindwa. Mimi nakushauri usifanye hivyo kwa cheti halisi. Joto la mashine huweza kuharibu wino na mihuri, plastiki haitoki tena bila kuchana karatasi, na muhuri mpya hauwezi kugongwa juu yake. Laminisha kopi, kama moyo unataka.

Tahadhari kuhusu mifuko ya plastiki inayong'aa. Ile laini, inayonuka plastiki mpya, hunata na wino wa mashine ya kopi kwa joto letu. Nilitoa kopi ya cheti changu cha ndoa baada ya miaka miwili nikakuta maandishi yamehamia kwenye plastiki, karatasi imebaki na vivuli. Vyeti halisi vitie kwanza kwenye bahasha ya kaki, bahasha ndiyo iingie kwenye faili la plastiki.

Umefaulu ukiweza kujaza fomu ya shule kwa kufungua faili moja tu.

### Hatua ya 5: Linganisha majina kabla hujafunga faili

Miongozo mingi hupita hapa bila kusimama, na ndipo familia zinapoumia zaidi.

Ukiwa na karatasi zote za mtoto mbele yako kwa mara ya kwanza, zipange kwa mstari: tangazo la kizazi, cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, kadi ya bima, ripoti ya shule. Soma jina kwenye kila moja, herufi kwa herufi. Mariam na Mariamu. Mohamed na Muhammad. Kuna jina la babu kwenye cheti, shuleni limeachwa. Linganisha na tarehe ya kuzaliwa pia, kwani mwaka hupunguzwa au kuongezwa siku ya kuandikishwa darasa la kwanza ili mtoto apokelewe.

Mtoto akiwa darasa la pili, jina lililokosewa shuleni hurekebishwa kwa mzazi kwenda na cheti na kuzungumza na mwalimu mkuu. Likishapita kwenye usajili wa mtihani wa taifa na kuchapwa kwenye cheti, linageuka safari ya viapo, wakili na ofisi zaidi ya moja. Kijana atalikuta NIDA, atalikuta kwenye mkopo, atalikuta siku ya kuajiriwa. Nimeona kijana mwenye ufaulu mzuri akikaa miezi anahangaikia herufi moja, na mama yake akilia kwamba aliiona siku ile na akaona ni ndogo.

Ukikuta tofauti, iandike kwenye karatasi ya rundo la kutenda na uipe tarehe ya wiki ijayo. Cheti cha kuzaliwa ndicho kiongozi, vingine vifuate. Kama kosa liko kwenye cheti chenyewe, anzia RITA.

## Jioni ya tatu

### Hatua ya 6: Piga picha zile zinazofutika na zile zisizo na mbadala

Risiti za mashine, iwe ya EFD, ya wakala wa benki au ya ATM, hazina wino. Karatasi yenyewe imepakwa kemikali inayogeuka rangi kwa joto. Ukiiacha kwenye dashibodi au kwenye mkoba unaobanwa ndani ya daladala la saa nane mchana, joto lile lile lililoiandika linaifuta au kuitia weusi mtupu.

Jambo hili lilinigharimu. Niliwahi kulipa ada ya muhula kwa wakala, nikatunza slipu vizuri kabisa kwenye pochi. Miezi mitano baadaye shule ikaniambia mwanangu anadaiwa. Nikatoa slipu, ni nyeupe pande zote. Nilikuwa na haki na sikuwa na neno la kusema. Ilinibidi niombe ruhusa kazini, nikae benki asubuhi nzima, nilipie taarifa ya akaunti. Tangu siku hiyo slipu ya ada haiondoki mbele ya wakala kabla sijaipiga picha.

Fanya hivi. Weka karatasi juu ya shuka la rangi moja, karibu na dirisha kabla jua halijazama, bila mwanga wa simu. Karatasi ijaze kioo, kona nne zionekane. Risiti ya EFD hakikisha msimbo wa uhakiki na alama ya mraba vinasomeka, maana kwa hivyo risiti huweza kuhakikiwa TRA hata karatasi ikifutika. Kadi ya kliniki piga pande zote mbili.

Picha zipe majina papo hapo: jina la mtoto, kitu, mwaka. "Asha ada muhula 2 2025" utaipata. "IMG" na namba ndefu hutaipata kamwe. Zihifadhi kwenye folda moja ya Google Drive au zijitumie kwa barua pepe, na mzazi mwenzako awe na njia ya kuzifikia. Simu peke yake haitoshi, inaweza kuporwa kwenye mwendokasi leo jioni.

Tahadhari. Usitume picha ya cheti au kitambulisho kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hata mwalimu akiomba humo. Mtumie yeye mwenyewe. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa: anayeipata amepata vitu viwili kwa mkupuo.

Picha haichukui nafasi ya cheti halisi. Inakusaidia kujua namba, kujaza fomu, na kuandikisha ripoti ya upotevu polisi kikipotea.

### Hatua ya 7: Ndoo na mahali pake

Mafaili yote yasimame ndani ya ndoo, majina yakitazama juu. Tia na vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na mfuniko ubane.

Kwa nini ndoo na si kabati zuri? Kwa sababu adui wa karatasi hapa kwetu ni mchwa, panya, mende na maji. Kabati la mbao halizuii hata mmoja. Na ndoo ina mshikio. Anayekaa Jangwani, Kigogo au kando ya mto wowote wa jiji hili anaelewa maana ya kubeba vyeti vya familia yote kwa mkono mmoja, mtoto akiwa mwingine.

Iweke juu ya usawa wa kiuno, ndani ya chumba, mbali na ukuta unaotoka jasho masika na mbali na dirisha la jikoni. Isikae sakafuni. Watu wazima wote wa nyumba wajue ilipo. Usitie naftalini ikiwa kuna watoto wadogo, kwani hufanana na pipi na ni sumu.

### Hatua ya 8: Tengeneza mlango wa karatasi

Kazi yote ya juu itaharibika ndani ya mwezi bila hatua hii.

Weka kikapu karibu na mlango watoto wanapoingilia. Sheria ni moja: karatasi yoyote inayoingia nyumbani inatua hapo na si pengine. Mtoto akivua viatu, anafungua begi, anatoa karatasi, anatia kikapuni, ndipo anakwenda kula. Mtoto wa chekechea anaweza. Dada wa nyumbani akumbushe, naye aelezwe kwa heshima kwa nini: "Dada, usitupe wala usihamishe karatasi yoyote, itie hapa tu." Dada wengi wametuhumiwa kutupa fomu ambazo hawakuambiwa kama zina maana.

Kila usiku, dakika mbili ukisubiri chai ichemke. Unafanya mambo matatu tu: cha kutiwa sahihi kisaini na kirudi begini papo hapo, cha tarehe kiandike kwenye kalenda ya ukutani, kisha karatasi itupwe, cha pesa kibane kwa klipu upande wa mbele wa kikapu. Vingine viache.

Usiruhusu kikapu kikubwa. Kikapu kikubwa kinageuka ghala. Cha kina cha kiganja kinakulazimisha kukimaliza.

Umefaulu ukipita wiki mbili bila karatasi juu ya friji.

## Baada ya hapo

### Hatua ya 9: Robo saa ya Jumapili

Jumapili jioni, sare zikipigwa pasi, kimwage kikapu. Za kutunza ziingie kwenye mafaili, slipu zipigwe picha, zilizobaki zichanwe. Zile za pesa zipangieni siku, wewe na mwenzako, kabla wiki haijaanza. Kama unafanya kazi za zamu, chagua siku yako, lakini iwe moja na ile ile. Ukikosa wiki moja, usifidie kwa saa nzima wiki inayofuata. Fanya robo saa ile ile. Iliyobaki itaisha wiki ya tatu.

### Hatua ya 10: Desemba na Februari

Shule zikifungwa Desemba, pitia kila faili: toa ripoti za mihula ya zamani na uache ya mwisho wa kila mwaka, toa kopi za ziada, fungua bahasha ya "Sijui". Karatasi iliyokaa humo mwaka mzima bila kuulizwa mara nyingi haina dirisha. Februari, kabla masika hayajaanza, kagua mfuniko, badilisha vifuko vya unyevu, tazama kama kuna njia ya mchwa ukutani.

## Jaribio

Subiri usiku, saa nne hivi. Zima taa. Mwambie mwenzako, au dada, au mtoto mkubwa: "Mdogo ana homa kali, tunakwenda hospitali, lete faili lake." Usielekeze. Hesabu.

Akirudi ndani ya dakika moja na faili sahihi, fungua mwone kama kadi ya bima na kadi ya kliniki zimo. Akichelewa, tazama alikokwama: kama ni kwenye ndoo, mahali pake hapajulikani, kama ni kwenye mafaili, majina ni madogo au rangi zinafanana. Na kama faili limekuja bila kadi ya kliniki, angalia mkoba uliokwenda nao kliniki mara ya mwisho. Mara nyingi imo. Irudishe sasa hivi, kabla taa haijawashwa.